Dufu Lilitokaje Mikononi Mwetu?

Mashoga zangu, na nyinyi mabibi harusi mlioko ndani mnahesabu siku. Leo sina habari za singo wala za hina. Leo nataka tugombane kidogo, kwa wema.

Msimu wa harusi ukifika nasikia maneno yale yale, kwa wazee na hata kwa wasichana wenyewe: mwanamke kushika ngoma si heshima, kazi hiyo waachiwe wanaume. Haya, tuwaachie. Sasa tazama ukumbi wetu ulivyo. Mapazia yamefungwa. Mlangoni amewekwa mtu wa kuzuia wanaume. Simu zinakusanywa ili picha ya bi harusi isizunguke mjini. Halafu mle mle ndani, nyuma ya maspika, amekaa kijana wa kiume na mashine zake za muziki. Asipokuwa yeye, wapo wapiga kidumbak: mmoja kwenye ngoma ndogo, mmoja kwenye sanduku, mmoja anakwaruza fidla, wote wanaume. Na sisi tumeshavua mabaibui, tumejifunga kanga viunoni. Tunaambiwa tusijali, yule kainamisha uso. Uso kauinamisha, lakini macho anayo.

Kwa hiyo tumeona aibu ya mwanamke kupiga, hatukuona aibu ya mwanamume kuingia. Mimi nasema shughuli ya wanawake inataka wapigaji wanawake, na wa kuanza nao ni wapiga dufu.

Kwa nini dufu? Kwa sababu ukilitafuta dufu katika hadithi za harusi utalikuta kwa wasichana. Imo katika Sahihi ya Bukhari habari ya Rubayyi binti Mu'awwidh. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwendea siku ya harusi yake, akakaa, na wasichana wakawa wanapiga dufu huku wakiwataja jamaa zao waliouawa Badri. Mmoja akaingiza maneno ya kwamba miongoni mwao yuko Nabii anayejua ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, aendelee na aliyokuwa akiyasema kabla. Rudia kuisoma taratibu, shoga yangu. Kilichosahihishwa ni neno. Dufu halikunyang'anywa mtu. Iko pia ile ya Bibi Aisha, siku ya Idi, wasichana wawili wakiimba nyumbani kwake. Abubakar akawakemea, na Mtume akamwambia awaache.

Sisemi kila ngoma ni sawa. Sisi wengi wetu ni Mashafii, na vitabu vyetu vina maneno makali juu ya kuba, ile ngoma iliyobanwa kiuno. Wanavyuoni wametofautiana juu ya nyengine, na mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake. Lakini dufu la harusi ndilo lililo wazi kuliko zote, na ndilo tulilolitoa mikononi mwetu. Hapa Unguja ukitaja dufu, mtu anaona maulidi ya homu: safu ya wanaume wamepiga magoti, wanainama na kuinuka pamoja kama wimbi, na wapiga dufu mbele yao, wanaume pia. Ni kitu kizuri, na sitaki kiguswe. Ninachouliza ni kwa nini msichana wa madrasa anayeyajua maulidi kwa moyo hafundishwi hata namna ya kulishika.

Wapo watakaosema hiyo ndiyo mila. Mila ya nani? Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, alifunga msondo kiunoni akaupiga kwa miaka mingi katika unyago. Unyago haukuwa na mwanamume ndani, sasa nani mwengine angepiga? Bibi zetu walilijua jambo hili kabla yetu: pazia likifungwa, ngoma inapigwa na aliye ndani ya pazia. (Najua baadhi yenu mna ya kusema kuhusu sigara zake. Mungu amrehemu. Leo tunazungumza juu ya mikono yake.) Na mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kikundi cha taarab cha wanawake watupu, na ala wanapiga wenyewe. Waliodai vidole vyetu haviwezi wamekwishajibiwa.

Wengine huvuka bahari kutafuta ushahidi: "Hata huko bara, kwa wafugaji wa Manyara, mwanamke hana sauti." Nani kawaambia? Wilaya ya Hanang, chini ya ule mlima, wako Wabarabaig. Mmarekani George Klima aliishi nao katika miaka ya 1950 akaandika alichokiona: wanawake wana baraza lao, na mwanamume aliyemkosea mwanamke huletwa mbele yake, husikilizwa, na akipatikana na hatia hutozwa ng'ombe dume. Mwanamume mfugaji, anatozwa ng'ombe na wanawake! Jirani zao wa Mbulu, Wairaqw, walikuwa na marmo, kukaa ndani kwa wasichana kabla ya kuolewa, kama nyinyi mlivyo ndani sasa. Walitoka wamevaa sketi za ngozi walizozitia shanga kwa mikono yao. Marmo ilikufa enzi za ukoloni. Sketi chache zimebaki, zimehifadhiwa, lakini yule mwari anayezishona hayupo tena. Ukishuka kusini, Ugogoni, muheme ni ngoma ya wanawake: wanaibana mapajani na kuipiga, wanaume wanasimama pembeni. Bara hiyo wanayoitolea ushahidi inawashuhudia wao vibaya.

Bila shaka ziko sehemu ngoma ilikuwa ya wanaume kweli. Rwanda ilikuwa hivyo, mpaka mwaka 2004 Odile Gakire Katese alipoanzisha Ingoma Nshya, wapiga ngoma wanawake, katika nchi iliyojaa wajane na mayatima. Burundi walikwenda upande wa pili: Oktoba 2017 Rais Nkurunziza alitia saini amri ya kuwakataza wanawake kupiga ngoma zile kubwa. Wacheze tu, wasipige. Fikirini: kama kweli mila peke yake ingetosha kuwazuia, rais angehitaji kutia saini ya nini?

Sasa niwaambie upande mgumu, nisije nikaonekana nafanya mzaha. Dufu halijulikani kwa jioni moja. Ni duara la mbao na ngozi iliyowambwa upande mmoja, na hali ya hewa yetu ya pwani inailegeza; lazima lioteshwe moto au jua kabla ya kupigwa. Mkono wa kushoto unashika ukingo, wa kulia unafanya kazi: katikati sauti nzito, pembeni sauti kali. Mwanzo vidole vinauma. Na mmoja hatoshi, maana kila dufu lina zamu yake, moja linashika mwendo na jengine linajibu. Wanne wanaosikilizana wanahitaji miezi ya mazoezi, si wiki ya harusi. Ndiyo maana hatuwezi kungojea mpaka kadi zimeshachapishwa ndipo tuulize "jamani, nani atapiga?" Jibu litakuwa kijana wa mashine, kama mwaka jana.

Kwa hiyo bi harusi, wewe ndiye mwenye nguvu hapa. Pesa ya ukumbi, ya mapambo, ya mpiga picha imeshapangwa. Ipangie na ya wapigaji wanawake, uwalipe vizuri kama unavyomlipa wa keki, si sahani ya biriani na asante. Msichana akijua kuna kazi, mama yake atamruhusu ajifunze.

Yuko atakayesema msichana akilijua dufu ataishia majukwaani mbele ya wageni. Wapiga dufu wa maulidi ya homu nao hualikwa majukwaani, mpaka Ulaya wamefika. Sijasikia hata mama mmoja akiambiwa amfungie mwanawe.