Opala: kisti ya mgongo, kisu kidogo na safari ndefu

Wenye kuumwa mgongo katika Opala ni wengi: wanaobeba mihogo, wanaoinama shambani, wanaoendesha pikipiki kwenye barabara mbovu. Kwa wengi wao, misuli tu ndiyo imechoka. Lakini wachache wana kisti, kifuko cha maji kinachoota kwenye viungo vya uti wa mgongo, sehemu ya chini, na kukandamiza mishipa ya fahamu. Maumivu yanashuka toka kiunoni mpaka mguuni. Mtu akitembea kidogo, anatafuta fasi ya kukaa.

Siku hizi, katika hospitali kubwa, si lazima tena kupasua mgongo kwa urefu. Mganga anakata ngozi kama sentimita 2, anapitisha bomba jembamba kati ya misuli, na kwa darubini anaondoa kisti. Damu inayopotea ni kidogo, na mara nyingi mgonjwa anasimama siku ileile ao kesho yake.

Lakini kwa mtu wa Opala, shida ya kwanza si kisu. Ni kujua kilicho mgongoni. Eksirei inaonyesha mifupa. Kisti inahitaji mashine ya IRM, ambayo haiko katika zone za afya za Opala, Yaleko wala Yahisuli. Kufika Kisangani ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, ao kushuka Lomami mpaka Isangi, kisha kupanda mto Congo. Familia inaweza kuuza mbuzi wote mbele ya kujua jina la ugonjwa.

Na si kila kisti inatafuta kisu. Zile zinazoitwa za Tarlov, kwenye mizizi ya mishipa karibu na kitako, nyingi hazileti maumivu. Tena, mwenye homa, jasho la usiku na kukonda apimwe kwanza kifua kikuu cha mgongo: hicho kinatibiwa kwa vidonge, na dawa zake ni za bure.

Kuna alama zisizongoja: mkojo kuziba, ganzi katikati ya mapaja, miguu kulegea. Hapo tunahesabu masaa, si wiki. Kwa hiyo, mbele ya mashine kubwa, Opala inahitaji muuguzi anayezitambua alama hizo kijijini, na njia ya kumfikisha mgonjwa Kisangani angali anaweza kutembea.