Goli limeingia, simu bado inazunguka

Dakika ya 88, dabi ya Simba na Yanga ni 0-0. Straika anaingia kwenye boksi, anainua mguu apige, simu inaganda. Kiduara kinazunguka. Kabla hakijaacha kuzunguka, kelele zinalipuka kibanda umiza cha jirani. Goli limeshaingia, na shabiki aliyenunua bando lake amelisikia kupitia ukutani.

Hicho ndicho kilio cha mashabiki wanaoangalia mpira kwenye simu, na lawama zote anabebeshwa mtoa huduma za intaneti. Nyingine ni zake kweli. Lakini wanaoweza kuharibu mechi ni zaidi ya mmoja, na shabiki asiyemjua aliyemwangusha hawezi kudai chake.

Kwanini inaganda?

Satelaiti inarusha mawimbi mara moja, kila kisimbuzi kinadaka. Wakiangalia watu 10 au milioni moja, picha ni ileile. Intaneti haiko hivyo. Kila simu inaletewa nakala yake, na mnara wa mtaa una kiwango chake cha kubeba. Mtaa mzima ukifungua mechi saa moja, wote wanagawana kilekile. Ndiyo maana mechi ndogo inapita laini, dabi inakwama.

Hata mtandao ukiwa mzuri, picha inakatwa vipande vya sekunde chache na simu inavihifadhi kwanza kabla ya kuonyesha. Hapo ndipo jirani mwenye kisimbuzi anapotangulia kushangilia.

Kuna pia njia ya mbali. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, kubadili laini kunaweza kusisaidie kitu.

Bando linaliwa, mechi haionekani

Picha safi inayohitaji kasi ya megabiti 5 kwa sekunde inakula zaidi ya GB 3 kwa dakika 90. Kwa kijana wa kipato cha kuungaunga, hiyo ni hela ya maana. Tatizo ni kwamba anachouziwa ni ujazo, sio ubora. Tangazo linasema kasi ya "hadi" kiasi fulani, na hilo neno "hadi" ni dari, sio sakafu. Mechi ikiganda nusu saa, bando lililotumika halirudi.

Australia walishayaona haya kwenye Kombe la Dunia 2018. Kampuni ya simu ya Optus ilikuwa na haki ya kuonyesha mechi zote 64, nyingi zikipatikana kwake pekee kupitia intaneti. Mashindano yalipoanza tu, picha zikagoma. Mashabiki walichachamaa mpaka Waziri Mkuu, Malcolm Turnbull, akampigia simu bosi wa kampuni hiyo.

Optus haikujificha nyuma ya "hadi". Iliomba radhi, ikarudisha fedha za wateja na mechi zilizobaki zikaonyeshwa bure pia na televisheni ya SBS. Somo ni moja: anayeuza mechi anawajibika mechi ionekane.

Shabiki afanye nini?

Kabla ya kutukana, apime. Mechi ikiganda, afungue video nyingine. Ikicheza vizuri, mwenye matatizo huenda ni programu inayoonyesha mechi, sio mtandao. Kila kitu kikigoma, hapo ni mtandao. Akishusha ubora wa picha mpaka 480, mzigo unapungua na bando linadumu.

Kisha alalamike kwa mtoa huduma, atunze saa, tarehe na kumbukumbu ya malalamiko. Asiporidhika na majibu, mlango wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) upo. Lawama za kijiweni hazina faili, na kisicho na faili hakuna anayekishughulikia.

Mpira unazidi kuhamia kwenye simu, na kampuni zinajua hivyo, ndiyo maana zinauza bando za video. Ratiba ya dabi inajulikana mapema kuliko kikosi. Anayejua siku na saa ya mechi, halafu mnara wake unazidiwa siku hiyohiyo, amefungwa goli la kizembe. Na anayelipia goli hilo ni shabiki.