Simu Uliyoinunua ni ya Nani?

Kiswahili, kama lugha yoyote iliyokomalia sokoni, kina vitenzi vya kutosha vya kueleza namna kitu kinavyotoka mkononi mwa mtu mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Anunuaye hulipa, na kitu kikawa chake. Aazimaye hukirejesha kitu kile kile alichopewa. Akopaye hurejesha mfano wake au thamani yake. Akodiye hulipia matumizi tu, na siku zake zikiisha humrudishia mwenyewe. Ninapowafunza wanafunzi wangu hapa Maseno somo la maana ya maneno, huvitumia vitenzi hivi vinne kuonyesha jinsi maneno yanavyogawana uwanja mmoja pasi na kukanyagana. Siku hizi, hata hivyo, kuna bidhaa moja iliyovivuruga vyote vinne, nayo ni simu ya mkononi inayochukuliwa kwa malipo ya kila siku.

Mwanafunzi akiulizwa, husema amenunua simu. Muuzaji naye husema ameiuza. Lakini siku kadhaa zikipita bila malipo, kioo hufungwa na kampuni iliyo mbali, na kinachobaki ni maandishi ya kudai pesa na namna ya kuzilipa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini na simu ya namna hiyo. Mahojiano aliyokuwa amerekodi na wazee wa kijijini kwao, pamoja na tafsiri zake zote, yalikuwa humo ndani. Siku ya kuiwasilisha kazi ilikuwa imefika, naye alikuwa amebakisha malipo ya majuma machache tu. Nililoliona la ajabu ni kwamba kijana huyo hakulalamika. Aliona kampuni ina haki. Mimi sikuona hivyo, wala sioni hivyo hadi sasa.

Hebu kwanza tutazame wenzetu wa nchi tajiri. Huko kufuli la simu lilikuja kwa njia ya mkataba. Kampuni ya mawasiliano ilimpa mteja simu kwa bei ya chini au bila malipo, naye akajifunga kuwalipa kila mwezi kwa miaka miwili, na simu yenyewe ikakataa laini ya kampuni nyingine yoyote. iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007 huko Marekani, iliuzwa kwa ajili ya mtandao mmoja tu, wa AT&T. Iliwachukua Wamarekani hadi Agosti 2014 kupata sheria inayomruhusu mteja kuifungua simu yake ahamie kwingine. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa mnamo Desemba 2017, na Uingereza ikafuata Desemba 2021.

Sisi tulikuwa na uhuru huo tangu mwanzo, na hatukuupigania. Safaricom na Kencell zilipoanza kushindana mwaka 2000, Mkenya wa kawaida alinunua simu dukani, akanunua laini kando, akakwaruza kadi ya shilingi chache na kupiga. Hakutia sahihi mkataba wowote. Alipotaka kuhama, alibadilisha laini. Na tangu Aprili 2011 aliweza kuhama na nambari yake ile ile. Ndiyo sababu watu wetu wengi hubeba laini mbili katika simu moja bila kuona ajabu. Nasema hatukuupigania kwa kuwa uhuru huu ulitokana na ufukara. Hakuna kampuni ambayo ingemkopesha muuza samaki wa Dunga simu ya maelfu kwa ahadi ya miaka miwili, maadamu hakuwa na hati ya mshahara wala anwani ya kufuatwa. Alilazimika kulipa kwanza, na kwa kulipa kwanza akawa mmiliki kamili.

Kufuli liliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za umeme wa jua kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa, na taa hizo zilikuwa na kifaa cha kuzizima kutoka mbali mteja asipolipa. Dhana hiyo ikahamia kwenye simu. Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilizindua mpango wake wa simu za shilingi 20 kwa siku uitwao Lipa Mdogo Mdogo. (Mwalimu wa sarufi atauliza hiyo 'mdogo' inakubaliana na nomino gani, kwa sababu Kiswahili sanifu husema 'kidogo kidogo', lakini mtaa umeamua, na mtaa aghalabu hushinda.)

Sina budi kuwa mwadilifu. Mwaka ule wa 2020 shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya maradhi ya korona, na masomo yakahamia kwenye mitandao. Wapo watoto waliosoma kwa simu za aina hii ambao vinginevyo wasingesoma. Anayeuita mpango mzima kuwa wizi hajawahi kukaa na mzazi mwenye shilingi 20 asiye na 6,000.

Hata hivyo, tazama ni nani anayefaa malipo ya kila siku. Ni mtu mwenye pato la kila siku: mwendesha bodaboda wa pale stendi ya Luanda, au mama mwenye kibanda cha mboga. Mwalimu hulipwa mwisho wa mwezi. Mwanafunzi hupata mkopo wa HELB kwa mafungu, tena fungu likikawia, hulala na njaa. Watu hawa wawili, walio wasomaji wangu wakuu, hupewa ratiba ya malipo isiyolingana kabisa na jinsi pesa zinavyowafikia, kisha huadhibiwa kwa kutolingana huko. Isitoshe, udogo wa fungu huficha ukubwa wa jumla. Tuseme unatoa 2,000 za mwanzo na 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Hizo 50 ni 18,250, na jumla ni 20,250. Ikiwa duka la jirani linaiuza simu ile ile kwa 13,000 taslimu, umelipa 7,250 zaidi ili uwe na kitu kinachoweza kuzimwa usiku wa manane. Mwalimu wa hesabu awape wanafunzi wake mfano huu kwa bei halisi za mjini Kisumu.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu na wanafunzi wangu wavumilie, waweke akiba, au wachangiane katika chama kama tunavyochangiana kwa mambo mengine, kisha wanunue simu isiyo na kufuli, hata kama ni ya hali ya chini. Mnamo Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, na bei iliyotangazwa ya simu yake ya chini kabisa ilikuwa 7,499.

Mwenye kununua iliyokwishatumika awe mwangalifu zaidi. Abonyeze *#06# na kulinganisha nambari itakayotokea na ile iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Atie laini ya kampuni nyingine papo hapo dukani na kupiga. Simu iliyoletwa kutoka Marekani yaweza kuwa bado imefungwa kwa mtandao wa huko, na iPhone zinazouzwa Marekani tangu toleo la 14 la mwaka 2022 hazina hata tundu la kutilia laini. Ahakikishe akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa, la sivyo simu itadai nywila ya mtu asiyemjua. Na ikiwa ni simu ya mkopo ambao haujaisha, kuifuta yote hakusaidii, kwani programu ya mkopeshaji hurejea simu inapounganishwa tena na mtandao. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, sababu huwa mojawapo ya hizi, au ni ya wizi.

Ushauri kwa mnunuzi, hata hivyo, haumwondolei muuzaji wajibu. Wazazi wetu walichukua redio na cherehani kwa malipo ya vipindi, na kampuni zilizouza zilikuwa na haki ya kuzichukua tena. Lakini ilibidi mtu aje, abishe hodi, aonekane na majirani. Bunge nalo liliweka mpaka. Sheria ya mwaka 1968, Sura ya 507, ilisema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua ila kwa kwenda mahakamani. Wabunge wa enzi hizo hawakuwaza kwamba ingefika siku mwenye mali asihitaji kukichukua kitu, akiache mfukoni mwa mteja huku amekigeuza kuwa kipande cha kioo. Mwanafunzi niliyemtaja alikuwa ameivuka theluthi mbili zamani. Angekuwa amechukua cherehani, angekuwa na kinga.

Ninaloliomba Bunge ni kwamba kinga hiyo ihusishe waziwazi kufungwa kwa simu kutoka mbali, na kwamba, hata kabla ya theluthi mbili, yaliyomo ndani ya simu, yaani picha, sauti na maandishi ya mteja, yaweze kutolewa wakati wowote. Deni ni la simu; daftari si sehemu ya deni.

Na mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ilhali mikataba ya simu niliyoisoma mimi ni kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili kwenye kioo cha upana wa kiganja, na mteja hubonyeza kukubali huku muuzaji akimhimiza kwa kuwa foleni ni ndefu. Tarakimu ya jumla itangulie, kwa herufi kubwa, kabla ya ile ya kila siku. Neno 'nunua' lisitumike humo hadi siku ya malipo ya mwisho. Hadi siku hiyo tunalo neno 'kodi', na mwenye kuogopa kuliandika kwenye tangazo lake aulizwe anaogopa nini.