Gitaa Dogo Katika Somo la Nje

Wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Nyashimo, na za vijiji vilivyo kando ya barabara ya Mwanza hadi Musoma, wametuuliza kama yafaa kununua gitaa dogo la safari kwa ajili ya masomo ya nje. Swali lilizuka pale mwenzao mmoja alipolichukua gitaa lake katika matembezi ya Darasa la Tatu kwenda mwaloni, na watoto wakarejea wakiimba majina ya sangara, sato na dagaa. Baadhi ya wakufunzi wenzetu hawakupendezwa. Walisema kwamba gitaa ni chombo cha vilabuni. Tena, kwamba mtu wa Usukumani mwenye zeze hana haja ya kutafuta la kigeni.

Hoja ya kwanza hatuikubali. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, alilipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, akaimba kwa Kiswahili. Chombo kilichokwisha kuimba lugha yetu namna hiyo hakiwezi kuitwa mgeni darasani.

Hoja ya pili ina uzito, nasi tutairudia.

Kwanza tulitazame gitaa lenyewe. Katika gitaa la kawaida sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa karibu sentimita 65. Katika mengi ya haya madogo ni kama 58. Kwa nyuzi zilezile na sauti ileile, mkazo hupungua kwa karibu moja ya tano, na vidole vya anayejifunza haviumii sana. Hasara yake ni kwamba kisanduku kidogo hakitoi sauti nene, na mbele ya watoto sabini uwanjani husikika kwa shida. Basi lisitegemewe kuongoza kwaya. Kazi yake ni kumpa mwalimu sauti ya kuanzia na kumzuia asiteremke. Walimu wengi wa kiume huanzisha wimbo chini mno, kisha wakawalaumu watoto kwamba hawajui kuimba.

Ufukoni alasiri upepo hutoka ziwani. Mwalimu na alipe ziwa mgongo: sauti itachukuliwa na upepo kuwaendea watoto, naye atakuwa kati yao na maji. Jambo hili la pili ni kubwa kuliko muziki wote. Tumemwona mwanachuo aliyeinamia nyuzi akitafuta mahali pa vidole, huku watoto watatu wamekwisha kuingia majini hadi magotini. Asiyeweza kubadili vidole bila kutazama asitoke na gitaa nje ya darasa. Na ajizoeze jioni bwenini, hata wenzake wakinung'unika.

Kuhusu mbao, tunashauri gitaa la mbao za tabaka. Sauti yake ni hafifu kidogo, lakini huvumilia mabadiliko ya kiangazi na masika kuliko la ubao mmoja. Hata hivyo jua halina huruma: sisi wenyewe tuliliacha moja ndani ya gari mchana mmoja, gundi ikalegea na kibao cha kushikia nyuzi kikabanduka.

Sasa zeze. Mwalimu anaweza kulitengeneza pamoja na wanafunzi kwa kibuyu, mti na uzi, na katika kulitengeneza kuna somo la sayansi na la kazi za mikono. Gitaa dukani halitoi somo hilo. Aidha, vyuma vya shingo ya gitaa vimekwisha kukata sauti mahali pake, na nyimbo za bugobogobo hazikubali sikuzote kukaa humo. Siku ya bugobogobo gitaa libaki mfukoni. Ngoma na majembe yanatosha.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: anayejua kupiga, na anunue kwa fedha aliyo nayo. Anayetaka kukopa ili anunue asubiri, au washirikiane wawili. Yule mwenzao wa mwaloni sasa hulibeba gitaa Ijumaa tu. Siku nyingine huwaongoza watoto kwa makofi, na wimbo wa samaki wanaendelea kuuongeza beti wao wenyewe.