Ngoma za vijana zirudi stoo

Wafanyabiashara wenzangu wa Namanga, bendi ya vijana wanaofanyia mazoezi kwenye stoo yangu ya mahindi imekaribia kuvunjika. Wa upande wa Kenya wanataka gengetone, wa Tanzania wanataka singeli, na mpiga gitaa, kijana wa miaka 15, hataki kitu ila rumba. Wiki iliyopita mzazi mmoja alikuja akabeba ngoma alizomnunulia mwanawe, akisema hawezi kugharamia "muziki wa wale". Hapo nilikasirika. Watoto waligombania mdundo. Sisi wakubwa ndio tuliotia mpaka ndani yake.

Les Wanyika, walioanza Nairobi mwaka 1978, walikuwa Watanzania na Wakenya, na wao wenyewe walijitenga kutoka Simba Wanyika. Basi kuachana si ajabu. Ila waachane wakiwa wameshapiga wimbo wa mwenzao hadi mwisho, walau mara moja.

Kura isipigwe, maana wa rumba atashindwa kila siku. Kila mmoja alete wimbo wake, auongoze yeye, wengine wafuate bila kununa. Juzi huyo wa rumba alijaribu singeli kwa gitaa. Vidole vilimpotea, akacheka.

Ngoma bado ziko kwa yule mzazi. Azirudishe kabla ya Jumamosi.