Mfupa Ukirudi Kichwani, Mchango Usifungwe

Wasee, tuongee kuhusu hizi grupu za WhatsApp za kuchanga pesa za hospitali. Mgonjwa akitoka thieta, mtu anaposti "Mungu ni mwema", admini anafunga grupu, kila mtu anarudi kwa shughuli zake. Kwa upasuaji wa kichwa, tunafunga mapema sana.

Iko hivi. Kiharusi kikubwa kinaweza kufanya ubongo uvimbe, na fuvu halitanuki. Daktari anatoa kipande cha mfupa ili ubongo upate nafasi. Hiyo inaokoa maisha, hasa ikifanywa ndani ya saa 48. Kipande kinahifadhiwa kwa friza, ama chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Eeh, tumboni. Uvimbe ukiisha, wiki ama miezi baadaye, kinarudishwa. Kikiharibika, anawekewa cha titani.

Watu wanachukulia hii operesheni ya pili kama kurudisha kifuniko kwa sufuria. Zii. Kidonda kinaweza kuingia viini, damu inaweza kukusanyika chini ya mfupa, maji yanaweza kujaa kichwani, mgonjwa anaweza kushikwa na kifafa. Mfupa wenyewe unaweza kuliwa na mwili polepole. Na mara chache sana, ubongo unavimba vibaya saa chache tu baada ya operesheni iliyoenda poa, na mtu anafariki. Madaktari wameandika visa kama hivyo.

Sisemi mtu akatae. Kukaa bila mfupa pia ni hatari: ubongo hauna kinga, na kuna wagonjwa ngozi inabonyea ndani wakazidi kudhoofika. Ninachosema ni pesa ya skani na kliniki iwe kwa bajeti tangu siku ya kwanza. Na kabla mgonjwa atoke wodi, itisheni dalili za hatari zikiwa zimeandikwa: kichwa kuuma kukizidi, usingizi usio wa kawaida, kutapika, homa, kidonda kutoa maji, mkono ama mguu kulegea upya. Bandikeni hiyo karatasi ukutani.

Mimi niliacha campo, si daktari. Lakini najua wazazi wakienda kazini, anayebaki na shosh kwa nyumba ni wewe wa miaka 17. Wewe ndiye utaona kitu kimebadilika. Ukiona, usingoje jioni. Rudisha mgonjwa hospitali.