Jiwe la Kuchonga Liko Naivasha, Lakini Si Kila Jiwe ni Lako

Wasee mnaojifunza kuchonga mawe kama wahenga, mbona mnaagiza jiwe ng'ambo? Obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, liko pande za Naivasha na Eburru. Watu wa Olorgesailie walilitoa mbali karibu miaka 300,000 iliyopita, na hawakuwa na gari! Ligonge: likipasuka kama glasi, makali safi, bila nyufa za ndani, hilo ndilo.

Lakini manze, Hell's Gate na Kariandusi usiokote kitu. Hicho kipande chaweza kuwa kisu cha mtu wa kale. Ukikihamisha, hadithi yake imekufa. Omba mwenye shamba ruhusa, vaa miwani ya kukinga macho, na vipande unavyopasua usiviache porini vikawachanganya watafiti. Ama mnaonaje?